Je, Wajua? Mlima Hauna Kosa, Angalia Geti

Je, wajua kwamba huko Uingereza kuna kilele cha mlima ambacho mtu hukifikia akiwa kwenye kiti mwendo, bila kebo wala lifti? Kinaitwa Latrigg, kimo chake mita 368, na kinautazama kwa juu mji mdogo wa Keswick katika hifadhi ya Lake District. Nyuma ya mlima, mahali ambapo tayari ni juujuu, kuna maegesho ya magari. Kutoka hapo njia ya mawe yaliyoshindiliwa huukata ubavu wa mlima polepole mpaka kileleni, na ziwa Derwentwater lote likawa chini yako. Upande wa mbele, ule unaotokea mjini, bado unataka miguu na pumzi.

Je, wajua kwamba mlima huohuo uliwahi kuzua maandamano? Mwaka 1887 wenye ardhi waliziba njia za kupandia. Watu wapatao 2,000 wakajikusanya mjini, wakaondoa vizuizi, wakapanda hadi juu. Mmoja wa vinara wa mgogoro huo alikuwa kasisi Hardwicke Rawnsley, ambaye mwaka 1895 alikuwa kati ya waasisi watatu wa National Trust, chama kinachohifadhi ardhi na majengo ya kale. Wakati ule waligombania haki ya kupita. Kuhusu nani anaweza kupita, hakuna aliyeuliza kwa miaka mingi.

Siku hizi wasimamizi wa Lake District wanauliza, na jibu lao ni la kipimo. Hifadhi hiyo ina ruti takriban 50 zilizopewa jina la Miles without Stiles, yaani njia ambazo hutakutana na ngazi ya kurukia ukuta. Zimegawanywa katika madaraja matatu: "kwa wote", "kwa wengi" na "kwa baadhi". Njia ya kwa wote ina lami au mawe laini yasiyozidi milimita 10, na mwinuko usiozidi 1 kwa 10, maana yake ukienda mita 10 umepanda mita 1. Ya kwa wengi inaruhusu mawe ya hadi sentimita 4. Ya kwa baadhi hufika 1 kwa 8, ina mawe yaliyolegea ya hadi sentimita 10, na mwenye kiti atahitaji mkono wa mtu au mtambo wenye nguvu. Tazama walichokiacha: hakuna neno hata moja kuhusu ugonjwa wako, umri wako wala aina ya ulemavu wako. Wanakueleza njia ilivyo, uamuzi wanakuachia wewe. Kibao cha "haifai kwa walemavu" hakijawahi kumsaidia mtu kiasi hicho.

Je, wajua kazi ya ngazi hizo za kuvukia? Mashamba ya Uingereza yamegawanywa kwa kuta za mawe na nyua, na njia za umma hupita katikati yake. Ngazi ya mbao au mawe humruhusu mtu kuvuka huku kondoo wakibaki walipo. Kinachosahaulika ni kwamba humzuia pia bibi mwenye goti bovu, mama mwenye kigari cha mtoto, mjamzito, na mbwa mnene. Sheria ya barabara ya mwaka 1980 inasema mamlaka ikiruhusu ngazi au geti jipya kwenye njia ya miguu, sababu iwe kuzuia mifugo isiingie au isitoke. Shamba la ngano tupu halina hoja hiyo.

Je, wajua kuna mpangilio maalumu wa kuchagua kizuizi? Viwango vya Uingereza vinataka uanze na uwazi mtupu. Ukishindikana, weka geti la kawaida. Likishindikana nalo, weka geti la kuzunguka, lile linalobembea ndani ya kizimba kidogo ili apite mmoja mmoja. Ngazi haipendekezwi. Mageti mengine ya kuzunguka yamewekewa kufuli, na mwenye kiti akilifungua, geti hufunguka kwa mapana zaidi. Ufunguo ni uleule wa vyoo vya umma vya watu wenye ulemavu, uliobuniwa mwaka 1981, na hutumika nchi nzima. Ni mpango mzuri, ila usahau ufunguo nyumbani uone.

Baiskeli je? Mwaka 2018 shirika lililokuwa likisimamia mtandao wa taifa wa njia za baiskeli Uingereza, Sustrans, lilihesabu vizuizi kwenye mtandao wake lenyewe. Likakuta zaidi ya 16,000. Vingi viliwekwa kuzuia pikipiki: nguzo mbili zilizokaribiana, vyuma vya kupita kwa kujipindapinda, fremu zinazobana mabega. Pikipiki, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kumwona kijana wa bodaboda kwenye uchochoro, hupita. Asiyepita ni mwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Mwaka 2020 serikali ikatoa mwongozo mpya unaotaka kila njia ya baiskeli ipimwe kwa chombo chenye urefu wa mita 2.8 na upana wa mita 1.2, badala ya baiskeli nyembamba ya kijana mwenye afya. Mwamba ngoma huvutia kwake, na waliochora njia hizo kwa miaka mingi walikuwa na miguu miwili mizima.

Mwaka huohuo wa 2020, Sustrans ikafuta au kuzibadilishia hadhi njia zinazokaribia robo ya mtandao wake, kwa sababu zilipita kwenye barabara zenye magari mengi au ya kasi. Ni mara chache taasisi hujipunguza yenyewe.

Je, wajua kwamba kokoto za mtoni hazifai njia ya kiti mwendo? Ni za mviringo, hata uzishindilie vipi huviringika, gurudumu dogo la mbele likazama. Kinachotakiwa ni mawe yaliyopondwa kwa mashine pamoja na vumbi lake. Kingo kali hushikana, vumbi huziba nafasi, ukimwagia maji na kupitisha roli unapata uso mgumu ambao hata mvua inauheshimu. Gharama iko kwenye matunzo: mtaro ukiziba msimu mmoja, maji hugeuza njia kuwa mto na kazi yote ikaondoka.

Je, wajua kwamba mlalo wa njia ubavuni unachosha kuliko mlima wenyewe? Mafundi huinamisha njia upande mmoja kidogo ili maji yatoke. Anayetembea kwa miguu hatambui. Aliyekaa kwenye kiti hutambua baada ya mita chache, kwani kiti kinavutwa kuelekea chini, mkono mmoja unasukuma kwa nguvu zote, mwingine unabaki kufunga breki. Kilomita moja ya namna hiyo ni mateso ya bega. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 kwa njia za asili katika ardhi ya serikali kuu unataka mlalo huo usizidi 1 kwa 20 kwenye udongo na changarawe, na uwe mdogo zaidi kwenye lami na mbao.

Mwongozo huo una hesabu nyingine za kuvutia. Mwinuko wa 1 kwa 20 unaruhusiwa kwa urefu wowote. Ukifika 1 kwa 12, ndani ya mita 61 lazima upate mahali tambarare pa kupumzikia. Ukifika 1 kwa 10, mita 9. Ukifika 1 kwa 8, mita 3 tu. Yaani mlima mkali haukukatazwa. Ulikatwakatwa vipande ambavyo mkono unaweza kuvimaliza. Upana wa chini ni sentimita 91 na ushei, na njia ikiwa nyembamba kuliko mita 1.5, kila baada ya mita 305 pawe na nafasi ya viti viwili kupishana.

Vidogo vidogo, kwa haraka. Benchi lisilo na mikono ya kuegemea ni rahisi kulikalia na gumu kuliacha, muulize mzee yeyote. Mbao za daraja zilazwe kukatiza njia. Zikilazwa kufuata urefu wake, gurudumu jembamba huingia kwenye ufa. Na ukingo mdogo pembeni mwa daraja la mbao hufanya kazi mbili: huzuia gurudumu lisitumbukie, na humwongoza mwenye fimbo nyeupe.

Je, wajua kwa nini njia nyingi bora za aina hii zamani zilikuwa reli? Treni ya mvuke ilikuwa dhaifu kwenye vilima. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo wahandisi wa karne ya 19 walitoboa milima, wakajaza mabonde, wakajenga madaraja marefu, wote wakiikimbia miinuko. Mwinuko wa 1 kwa 50 kwao ulikuwa mkali. Miaka mia moja baadaye treni zikaondoka, vyuma vikauzwa, ikabaki barabara pana, iliyonyooka, isiyo na magari, yenye mwinuko ambao mtoto wa miaka minne anaumudu. Hakuna serikali ambayo ingekubali leo kutumia fedha zile kwa ajili ya watu wa viti mwendo. Zilitumika kwa ajili ya makaa ya mawe.

Uingereza ilipata njia hizo kwa wingi baada ya ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza kufungwa kwa takriban kilomita 8,000 za reli na vituo 2,363. Vijiji vililia, na vingine vinalia hadi leo. Lakini mwaka 1977 wakazi wa Bristol waliunda kikundi cha kudai njia za baiskeli, na kuanzia 1979 watu wa kujitolea wakaingia na majembe na toroli kwenye reli iliyokufa kati ya Bristol na Bath. Walimaliza mwaka 1986: kilomita 21. Kikundi hicho ndicho kilichokuja kuwa Sustrans, na mwaka 1995 kilipewa pauni milioni 42.5 za bahati nasibu ya taifa kujenga mtandao wa nchi nzima.

Turudi Keswick, maana pale kuna kisa kinachostahili kukaliwa kitako. Reli ya mji huo ilijengwa miaka ya 1860 na mhandisi Thomas Bouch, yuleyule ambaye daraja lake la Tay huko Scotland lilianguka na treni usiku wa Desemba 28, 1879. Madaraja yake ya hapa, yaliyouvuka na kuuvuka tena mto Greta, yaliishi zaidi. Treni za Keswick zilikoma mwaka 1972, na kipande cha kuelekea kijiji cha Threlkeld, kama kilomita 5, kikawa njia ya miguu na baiskeli. Handaki moja lilikuwa limefukiwa wakati wa ujenzi wa barabara kuu ya magari miaka ya 1970, hivyo wapita njia walilazimika kulizunguka kwa mchepuko usio na raha. Kisha ikaja Desemba 5, 2015. Kimbunga kilichopewa jina Desmond kilimwaga milimita 341.4 za mvua kwa saa 24 kwenye njia ya mlimani ya Honister, maili chache tu kutoka hapo. Hiyo ni karibu theluthi ya mvua ya mwaka mzima ya Dar es Salaam. Greta ikafurika, madaraja mawili yakasombwa. Wahusika wangeweza kuirudisha njia vilevile ilivyokuwa. Badala yake walijenga upya yaliyosombwa, wakafukua handaki lililozikwa, na Desemba 2020 njia ikafunguliwa ikiwa karibu tambarare mwanzo hadi mwisho. Gharama: pauni milioni 7.9. Mafuriko yalifanya kile ambacho maombi ya miaka mingi pengine yasingefanya.

Lami, hata hivyo, ina maadui. Wapo wapenda milima wanaoona kila mita ya lami porini ni kosa la jinai. Wana haki ya kupenda tope, ila nadhani hoja yao ingekuwa na uzito zaidi kama milima yenye tope ingekuwa imekwisha. Haijaisha.

Je, wajua kwamba mwandishi John Ruskin aliichukia mno reli iliyopitishwa bonde la Monsal katika hifadhi ya Peak District? Aliona bonde zuri limeharibiwa ili watu waokoe dakika chache za safari kati ya miji miwili midogo. Daraja la Headstone alilolilaani sasa limo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Reli yenyewe ilikufa mwaka 1968, na mwaka 2011 mahandaki yake makubwa yaliyokuwa yamefungwa yakawekewa taa na kufunguliwa. Leo Monsal Trail ni karibu kilomita 14 za kusukuma kiti bila kukutana na gari. Ruskin ana mnara wa kumbukumbu Friar's Crag, kando ya ziwa Derwentwater, na njia ya kuufikia nayo imo katika zile ruti zisizo na ngazi. Sidhani alilitarajia hilo.

Wamarekani walitangulia. Njia ya Elroy-Sparta huko Wisconsin ilifunguliwa mwaka 1967, kilomita 51 juu ya tuta la reli, na hutajwa kama mama wa njia zote za namna hiyo nchini humo. Ina mahandaki matatu. Refu kuliko yote lina zaidi ya kilomita 1.1 na halina taa, kwa hiyo unashuka kwenye baiskeli na kuwasha tochi. Kwenye midomo yake, mahandaki hayo yana milango mikubwa ya mbao. Enzi za treni, mlinzi aliifunga wakati wa baridi ili barafu isipasue kuta, akaifungua kila treni ilipokaribia, akaifunga tena. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa riziki ya mtu.

Na Wahispania wana reli ambayo treni haikuwahi kupita hata mara moja. Reli ya kutoka Jerez kuelekea Almargen, kule Andalusia, ilichimbwa, mahandaki yakatobolewa, vituo vikajengwa, kisha fedha na vita vikaikatiza kabla ya kukamilika. Ilikaa ikingoja kwa miongo kadhaa. Sasa kipande cha kilomita 36 kati ya Olvera na Puerto Serrano ni njia ya kijani yenye mahandaki 30, na hupita chini ya jabali la Zaframagón wanakozaliana tumbusi kwa mamia. Hispania ilianza mpango wake wa njia za namna hii mwaka 1993 na sasa ina zaidi ya kilomita 3,000.

Tugeukie vyombo. Je, wajua kwamba baiskeli ya mikono ni ya zamani kuliko baiskeli yenyewe? Mwaka 1655 Stephan Farffler, fundi saa wa mji wa Altdorf karibu na Nuremberg, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu, alijiundia kigari cha magurudumu matatu kinachoendeshwa kwa kuzungusha mikono. Baiskeli za miguu zilikuja zaidi ya miaka 150 baadaye. Kwa maneno mengine, mtu mwenye ulemavu ndiye aliyeanza safari, wengine wakafuata. Kwenye michezo ya Paralimpiki baiskeli za mikono zilisubiri hadi Athens, mwaka 2004.

Mwaka 1987 Joël Claudel, mwongoza wageni milimani nchini Ufaransa, alikuwa na mpwa mwenye maradhi ya misuli aliyetaka kupanda naye. Akaunda kiti chenye gurudumu moja tu katikati, na vishikio mbele na nyuma. Mmoja anavuta, mwingine anasawazisha, aliyekaa anapita popote anapopita mbuzi. Kinaitwa Joëlette, na bado kinatengenezwa. Gurudumu moja linaonekana wazimu mpaka uwaze njia ya mlimani ilivyo: nyembamba, yenye mawe pande zote. Magurudumu manne yanahitaji njia nne. Hili linahitaji moja.

Kiti kinachofuata kinatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2005 mwanafunzi wa chuo cha MIT, Amos Winter, alikuja Tanzania kuchunguza jinsi watu wanavyotumia viti mwendo. Aliona tunachokiona sote: kiti cha hospitali hakifiki mbali kwenye mchanga na matope, na baiskeli ya mikono inakwenda mbali lakini haiingii mlangoni. Timu yake ikabuni kiti chenye nyenzo mbili za kusukuma, mmoja kila upande. Siri iko mahali unaposhika. Ukishika wenzo juu kabisa, unapata nguvu ya kupanda kilima au kutoka kwenye tope. Ukishika chini karibu na mhimili, unapata kasi kwenye barabara nzuri. Hakuna gia za kubadilisha, mikono yenyewe ndiyo gia. Ukizivuta nyenzo nyuma, zinafunga breki. Ukifika nyumbani unazichomoa na kuingia ndani kama kawaida. Minyororo na sehemu zinazozunguka ni za baiskeli, ili fundi baiskeli wa kijijini aweze kuzitengeneza. Kilijaribiwa Afrika Mashariki, Guatemala na India. Kisha waliokibuni wakaunda kampuni ya kukiuza Marekani, kwa watu wanaotaka kwenda porini mwishoni mwa wiki. Ndivyo kiti kilichozaliwa na barabara zetu za vumbi kilivyofika kwenye njia za misitu ya wenzetu.

Je, wajua kwamba Kilimanjaro imepandwa kwa kiti mwendo? Bernard Goosen wa Afrika Kusini, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, alifika mita 5,895 mwaka 2003 baada ya siku tisa. Mwaka 2007 akarudi na kuimaliza kwa siku sita. Mambo hayo yanapendeza magazetini, lakini hayamsaidii sana anayetaka tu kuzunguka ziwa Jumapili na wajukuu.

Kwa huyo kuna Tarn Hows. Ni ziwa dogo ndani ya Lake District lililotengenezwa na watu katika karne ya 19, na njia yake ya kulizunguka haifiki kilomita 3. Ardhi hiyo ilinunuliwa mwaka 1930 na Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za Sungura Peter, akashirikiana na National Trust kuilinda. Asiye na chombo hupata pale cha kuazima: kigari cha umeme chenye matairi manene, kisichoogopa changarawe.

Je, wajua kuhusu njia za wasioona? Mwaka 1967 karibu na Aspen, Colorado, ilifunguliwa njia ya msituni yenye kamba ya kushika na vibao vya nukta nundu vinavyokueleza uguse gome gani na unuse jani lipi. Mwaka huohuo, Machi 18, mji wa Okayama nchini Japani ukatandaza kwa mara ya kwanza vigae vya vinundu alivyovibuni Seiichi Miyake, vile vya njano ambavyo sasa viko kwenye vituo vya treni duniani kote. Bustani ya Kirstenbosch huko Cape Town ina njia ya nukta nundu, na tangu 2014 ina pia daraja la kupita juu ya miti, mita 130, linaloruhusu kiti mwendo.

Asiyeona huendesha baiskeli pia, akiwa kiti cha nyuma cha baiskeli ya watu wawili. Mkenya Douglas Sidialo alipoteza macho katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998. Baadaye alipanda Kilimanjaro, na akaendesha baiskeli ya aina hiyo kutoka Cairo hadi Cape Town. Anayekaa nyuma si abiria. Anakanyaga sawa na wa mbele, na mlimani ndiye anayesikika akihema zaidi.

Je, wajua kwamba Scotland, kwa sheria yake ya ardhi ya mwaka 2003, humpa kila mtu haki ya kupita karibu popote mashambani almuradi awe na adabu? Vyombo vya injini vimekatazwa, isipokuwa kimoja kilichotajwa waziwazi: chombo kilichoundwa au kurekebishwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, kikiendeshwa na yeye mwenyewe. Mstari mmoja tu wa sheria, na mabishano yote ya getini yakaisha.

Kwetu, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu uliridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kifungu chake cha 30 kinataja burudani, michezo na maeneo ya utalii. Katiba ya Kenya, ibara ya 54, inatamka haki ya kufika mahali pote kwa kadiri inavyowezekana. Vifungu viko, na pa kuanzia pia papo. Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni kati ya chache Kenya unakoruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, na barabara yake kuu ya vumbi hupita chini ya magenge mekundu ikiwa tambarare kwa sehemu kubwa. Ungeanzia hapo kama ungekuwa na bajeti ndogo na greda moja. Ukishaona korongo lenyewe, la kushuka kwa kukwea mawe, waachie wapenda mawe.

Je, wajua kisa cha kibanda cha Galehead? Ni nyumba ya wapanda milima huko New Hampshire, Marekani, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na njia ya kuifikia ni kilomita 7 na zaidi za mawe na mizizi. Ilipojengwa upya, sheria ilitaka iwekwe njia ya mteremko ya viti mwendo mlangoni. Watu wakacheka: nani atafika huku na kiti? Mwezi Agosti 2000 walifika. Kikundi cha watu wenye viti mwendo na magongo kilipanda pamoja na wasaidizi, wengine wakishuka na kujiburuta sehemu mbaya, kwa takriban saa 12. Mwandishi wa habari akamuuliza mmoja wao kwa nini mtu aliyeweza kujiburuta njia yote ile ashindwe kujiburuta ngazi chache za mwisho. Naye akamgeuzia swali: kwa nini basi mliwawekea wengine ngazi? Wangeweza kujivuta wakapitia dirishani.

Ubelgiji wana mambo yao. Katika jimbo la Limburg, tangu 2016, njia ya baiskeli ya upana wa mita 3 hukata bwawa la Bokrijk ikiwa imezama, maji yakawa usawa wa macho yako pande zote mbili, na bata wanakupita sikioni. Mwaka 2019 wakaongeza nyingine msituni Hechtel-Eksel: mita 700 zinazopanda kwa duara hadi mita 10 juu ya ardhi katikati ya misonobari, kwa mwinuko wa asilimia 3 hadi 4, hivyo kiti mwendo hupanda bila kuombwa radhi.

Jimbo hilohilo ndilo lililoanzisha mfumo wa namba. Mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe, Hugo Bollen, alizoea kuona njia za chini ya ardhi zikitambulishwa kwa namba kwenye kila njia panda. Migodi ilipokufa, akalipeleka wazo hilo juu: mwaka 1995 kila makutano ya njia za baiskeli Limburg yakapewa namba na kibao. Huhitaji kujua jina la kijiji wala kusoma Kiholanzi. Kwa mtu mwenye ulemavu wa akili, kwa mtoto, kwa mgeni, ni ahueni kubwa. Sasa Uholanzi nayo inautumia nchi nzima. Asubuhi watu huandika namba zao tano au sita kwenye karatasi, wanaibandika kwenye usukani, wanaondoka.